Majina yasomwe: barua ya wazi kwa wakuu wa Mombasa kuhusu tarehe 12 Februari

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Kamishna wa Kaunti. Kwa Kamanda wa Jeshi la Wanamaji, Mtongwe. Na kwa wasimamizi wa Makavazi ya Taifa, Fort Jesus.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima, tunawaandikia juu ya sanamu ya askari iliyoko Barabara ya Jomo Kenyatta, na juu ya watu ambao sanamu hiyo iliwekwa kwa ajili yao. Ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Yanawataja askari Waafrika waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanatoa ahadi: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Izungukeni sanamu hiyo pande zote. Hamtaona jina la askari wala mpagazi hata mmoja.

Ulikuwa uamuzi wa wakati ule. Mzungu aliyekufa vitani alipewa jiwe lenye jina lake. Mwafrika, na hasa mpagazi, alipewa sanamu ya pamoja. Mnamo Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri wazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wa vita vya kwanza tu.

Tunaomba jambo moja. Kila tarehe 12 Februari, alfajiri, mji huu ukusanyike kwenye sanamu hiyo kwa muda usiozidi dakika 35, na majina yasomwe kwa sauti. Hatuombi sikukuu ya mapumziko wala mnara mpya. Ibada hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mpango mzuri, na mpango huo ndio sehemu kubwa ya barua hii.

Kwanza tarehe yenyewe. Tarehe 12 Februari 1916 palipiganwa vita vya Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta. Majeshi yaliyoshambulia yalipata silaha na chakula kupitia bandari ya Kilindini na reli ya Voi iliyosogezwa kuelekea Taveta kwa ajili ya vita hivyo. Wengi waliouawa kwa upande wa Waingereza siku hiyo walitoka Afrika Kusini. Walioulinda mlima ule walikuwa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani. Tunalisema hilo mapema kwa sababu litaulizwa: ndiyo, tunataka wa pande zote mbili wakumbukwe. Kiswahili kilizungumzwa na askari wa huku na wa kule, na baadhi yao walitoka koo zilizogawanywa na mpaka ambao hawakuuchora wao.

Tarehe hiyo hiyo, 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyobeba wanajeshi, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Ilikuwa imeng'oa nanga hapa Kilindini mwanzoni mwa mwezi ikielekea Colombo. Walikufa watu 1,297. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la vijana wa Afrika Mashariki, wapiga mizinga wa Kikosi cha 301, na pamoja nao walikufa wanawake 77, wauguzi na watumishi wa jeshi. Kivuko cha Likoni, ufuo wa Mama Ngina na minara ya mji huu ndivyo vilivyokuwa vitu vya mwisho vya nchi kavu ambavyo wengi wao waliviona. Hatujui tarehe nyingine iliyofungamana na Mombasa kiasi hicho.

Siku zilizopo hazitoshi, wala hatusemi hivyo kwa kuzidharau. Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, ni siku ya taifa kwa Katiba ya 2010, na mwaka 2019 sherehe zake za kitaifa zilifanyika hapa hapa Mama Ngina. Lakini ni siku ya furaha, hotuba na ngoma, na inawaenzi mashujaa wa kila fani. Siku ya Majeshi ya Ulinzi, 14 Oktoba, inakumbuka kuingia kwa majeshi yetu Somalia mwaka 2011, na sehemu yake kubwa hufanyika ndani ya kambi. Jumapili ya pili ya Novemba, ambayo Waingereza huwakumbuka wafu wao wa vita, inafuata kusimama kwa vita Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, ilhali huku kwetu vita havikusimama siku hiyo. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Mpagazi wa Afrika Mashariki aliendelea kubeba mzigo wiki mbili baada ya kengele za amani kulia London.

Sasa namna ya kuifanya.

Ianze saa 12:10 alfajiri. Sala ya asubuhi imekwisha, watu wametoka misikitini, mwanga upo, na jua katikati ya Februari huchomoza karibu na saa 12:30. Australia na New Zealand nao hukumbuka wafu wao wa vita alfajiri, kila tarehe 25 Aprili. Hapa tuna sababu zetu zaidi. Februari ni kaskazi. Ikifika saa tatu, mzee wa miaka 80 aliyeketi juani ataanguka, na mtoto wa shule aliyesimama bila kunywa chai atamtangulia. Pia barabara ile hufurika magari kuanzia saa moja. Ibada ikianza saa nne, kama ilivyo desturi ya sherehe zetu, itashindana na honi za matatu na tuktuk na itashindwa.

Alfajiri inatatua pia suala la kalenda. Tarehe 12 Februari 2027 ni Ijumaa, na kwa hesabu za mwezi itakuwa ndani ya siku za kwanza za Ramadhani. Ibada itakayokwisha saa 12:45 haigusi sala ya Ijumaa wala haimtesi aliyefunga, mradi asitokee mtu wa kugawa soda na maandazi palepale. Mwaka kama huo, chai ya wageni isiwepo kabisa.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Gwaride dogo la watu 12 liwe limeshasimama kabla ya saa 12:10. Watu wasiombwe kutazama askari wakijipanga. Mshereheshaji aseme maneno ya kufungua, dakika mbili, kwa Kiswahili. Zifuate dua na sala, kisha majina, kisha tarumbeta ya kuagana, kimya cha dakika mbili, tarumbeta ya kuamsha, kuweka mashada, na Wimbo wa Taifa. Basi. Hotuba hakuna. Tunajua ombi hilo ni zito, lakini hotuba ndizo huua ibada za namna hii: kila mgeni huanza na kutaja itifaki, anayefuata hurudia itifaki ile ile, na ifikapo zamu ya wafu watu wameshachoka. Atakayetaka kuhutubia apewe ukumbi baadaye mchana. Na mgeni wa heshima akichelewa, ibada ianze bila yeye. Anayekumbukwa hapa amesubiri zaidi ya miaka 100.

Kimya cha dakika mbili kinaonekana chepesi kuliko vyote, na ndicho huharibika mara nyingi zaidi. Kosa la kawaida ni mshereheshaji kukitangaza na kukikatiza kwa mdomo, tena kabla ya wakati, kwa kuwa sekunde 40 za kimya mbele ya umati huhisika kama dakika mbili. Mshereheshaji asiseme kitu. Noti ya mwisho ya tarumbeta ya kuagana ndiyo inayofungua kimya, na noti ya kwanza ya tarumbeta ya kuamsha ndiyo inayokifunga. Mtu mmoja mwenye saa asimame nyuma ya mpiga tarumbeta na kumgusa bega ifikapo dakika moja na sekunde 50, apate kuvuta pumzi na kulowesha midomo. Kuna wanaodhani desturi hii ni ya Ulaya tu. Ilianza katika bara hili, Cape Town, mwaka 1918, mji mzima uliposimama mzinga wa adhuhuri ulipolia, ndipo London ikaifuata mwaka 1919.

Tarumbeta ipigwe na mtu. Rekodi ya simu iliyounganishwa na spika ina ubaya wake: simu hupigiwa, ujumbe huingia na mlio wake, na spika hukatika. Tarumbeta ya kuagana huchukua kama dakika moja na nusu, na kosa dogo la mpigaji husamehewa na kila mtu. Mpigaji asipopatikana, baragumu la pembe lipulizwe mara moja kwa pumzi ndefu. Pwani hii ilikuwa na siwa za kutangazia mambo makubwa kabla haijaona tarumbeta ya shaba, na pembe haitakuwa kitu kigeni masikioni mwetu.

Vipaza sauti viwili vinatosha, vielekezwe kwa watu, visielekezwe kwenye kuta za maduka zinazorudisha mwangwi. Jenereta ikae mita 30 au zaidi, nyuma ya jengo. Maikrofoni ya pili yenye waya iwe tayari imewashwa. Njia ya magari iliyo upande wa sanamu ifungwe kuanzia saa 12:00 hadi 12:50, na madereva wa stendi za Mwembe Tayari na Makupa waarifiwe siku iliyotangulia, si asubuhi ile. Dereva aliyeelezwa sababu huzima injini mwenyewe. Asiyeelezwa hupiga honi.

Dua na sala zigawiwe dakika mbili mbili: imamu, kasisi, kiongozi wa Wahindu au Masingasinga, na mzee wa kaya za Wamijikenda. Kila mmoja ana watu wake kati ya waliokufa. Kikosi cha 29 cha Wapunjabi kilishuka Mombasa tarehe 1 Septemba 1914. Askari Waarabu waliokuwa chini ya ofisa Mwingereza Wavell waliilinda pwani ya kusini, na nguzo yao ya ukumbusho iko hapo karibu na Fort Jesus. Na Wagiriama walikuwa wameingia vitani na Waingereza wenyewe Agosti 1914, miezi kumi hivi baada ya kiongozi wao Mekatilili wa Menza kukamatwa, moja ya sababu ikiwa ni kudaiwa vijana wao kwa kazi za wakoloni. Mzee wa kaya atakaposimama pale, atasimama pia kwa wale waliokataa. Zamu ya nani kuanza izunguke kila mwaka, na iandikwe mapema ili pasiwe na mnong'ono asubuhi. Jambo jingine la kuzingatia: wapo Waislamu wasioridhia kuinama mbele ya sanamu. Hakuna anayelazimika kuinama. Anayeweka shada aliweke chini, arudi nyuma hatua tatu, asimame wima. Anayetaka kusoma Fatiha aisome.

Kusoma majina ndiko kiini cha yote haya. Msomaji mwenye utulivu hutumia sekunde nne kwa jina moja, yaani majina 15 kwa dakika, majina 150 kwa dakika kumi. Kwa hiyo kila mwaka yasomwe 150, na mwaka unaofuata orodha iendelee pale ilipoishia. Pasichaguliwe wenye vyeo wakaachwa wengine. Ifuatwe alfabeti ndani ya kila kikosi. Wasomaji kumi wanafunzi wa sekondari, kila mmoja majina 15, watatosha.

Chanzo cha kwanza ni kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita, zinazopatikana kwenye intaneti bila malipo, na mna makaburi ya vita hapa Mbaraki na maelfu ya majina kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, Barabara ya Ngong, Nairobi. Majina zaidi yamekuwa yakipatikana katika nyaraka za zamani za jeshi humu nchini. Lakini orodha isichapishwe na kusomwa kama ilivyo. Karani aliyeandika jina mwaka 1916 au 1943 aliandika alivyosikia: h ya mwanzo hudondoka, Hamisi akawa Amisi, mw hugeuka mu, ng' na ng huandikwa sawa, jina la baba huandikwa kama la ukoo, na jina la kijiji wakati mwingine huandikwa kama la baba. Msomaji wa Mombasa anayekutana na jina la Kikamba, la Kinandi au la Kijaluo kwa mara ya kwanza mbele ya maikrofoni atalikosea, na jina lililokosewa pale ni sawa na halikusomwa. Dawa yake ni wiki nne. Wiki ya kwanza orodha igawanywe kwa jamii. Ya pili na ya tatu wasomaji wakae na wazee wa jamii hizo, wanaopatikana wote humu mjini, na wayaandike majina yanavyotamkwa. Ya nne wafanye mazoezi palepale kwenye sanamu, kwa maikrofoni. Jina lililoandikwa rasmi lisibadilishwe kwenye kumbukumbu. Matamshi yaandikwe pembeni.

Karatasi za wasomaji ziwe na herufi kubwa, upande mmoja tu, zibandikwe kwenye kadibodi. Upepo wa kaskazi hupeperusha karatasi nyepesi, na msomaji anayefukuzia karatasi ameharibu jina alilokuwa nalo mdomoni.

Baada ya jina la mwisho, mzee mmoja aseme sentensi moja ya kuwataja wale ambao majina yao hayakuandikwa. Hapo ndipo mahali pa wapagazi. Sheria ya kikoloni ya 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa nguvu, na mwaka 1917 wakazolewa kwa wingi. Mzigo wa mmoja ulikuwa takriban kilo 25. Risasi iliwaua wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa, katika jeshi lililowahesabu mwisho katika chakula na dawa.

Kwa ajili yao tunapendekeza kitu kimoja ambacho ni chetu. Tanzania, katika Siku ya Mashujaa tarehe 25 Julai, haiweki maua pekee: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na vimo pia upinde na mshale, na shoka. Sisi tuweke kata, ile pete ya kuwekea mzigo kichwani. Kata ya ukindu, iliyosukwa kwa ukubwa wa kawaida wa kichwa, iwekwe mbele ya mashada yote na mtu asiye na cheo: kuli wa bandarini au hamali wa Marikiti. Mombasa imejengwa na mabega na vichwa vya watu kama hao, na tangu ibada za namna hii zianze hakuna aliyewaita mbele.

Mashada mengine yawe machache, sita yanatosha. Maua ya dukani yaliyochomekwa kwenye sponji hunyauka kabla ya saa nne na sponji yenyewe haiozi. Majani mabichi ya mwembe au ya mkoko yasidhuriwe kwa ajili hii. Tumieni makuti machanga, waridi na mrehani, ambao tayari watu wa pwani huuweka makaburini. Asumini ichumwe jioni na kufungwa usiku huo kwenye kitambaa kibichi, la sivyo alfajiri itakuwa imegeuka kahawia. Stendi za miguu mitatu zifungiwe kifuko cha mchanga. Mashada yaondolewe siku ya tatu; shada lililooza mwezi mzima kwenye msingi wa sanamu linasema kinyume cha lilichowekewa.

Familia za wanajeshi waliokufa miaka ya karibuni, El Adde tarehe 15 Januari 2016, Kulbiyow tarehe 27 Januari 2017, zote mbili nchini Somalia, na kwingineko, wapewe viti vya mbele, mbele ya wakubwa. Jina la mpendwa wao lisisomwe bila idhini yao ya maandishi, na picha zao zisirushwe mitandaoni. Mjane mwingine anataka jina lisikike mji mzima. Mwingine bado hajaweza kulisikia. Waulizwe Desemba, kwa kutembelewa nyumbani, si kwa ujumbe wa simu. Na vijana wanaojitolea wasivae nguo za madoadoa ya kijeshi. Sheria inakataza, na kwa familia hizo ni kidonda. Nishani ya marehemu huvaliwa na jamaa upande wa kulia wa kifua. Upande wa kushoto ni wa aliyeipata mwenyewe.

Bendera ya taifa ipandishwe mpaka juu na ibaki juu. Nusu mlingoti ni agizo la Rais, si uamuzi wa kaunti wala wa waandalizi. Bendera iliyopaushwa na jua na chumvi ibadilishwe wiki moja kabla. Wimbo wa Taifa uimbwe na watu wenyewe. Sauti yake ilitokana na bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana. Pwani haina haja ya kuusikia kutoka kwenye kanda.

Kisha bahari. Wale wa Khedive Ismail hawana kaburi lingine. Shada moja lipelekwe kwa boti hadi nje ya mlango wa Kilindini, mbele ya Mama Ngina. Hapa saa haipangwi na mtu, inapangwa na maji. Shada lililowekwa wakati maji yanajaa litarudishwa ndani hadi kwenye gati za feri, na tumeona inavyovunja moyo shada la wafu linapozunguka kati ya chupa za plastiki. Liwekwe nusu saa baada ya maji kuanza kupwa. Mkondo utalichukua nje wenyewe. Jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari hutolewa mapema kwa mwaka mzima, na kwa kuwa maji husogea takriban dakika 50 kila siku, saa ya mwaka jana haifai mwaka huu. Mwaka ambao maji yataanza kupwa mchana, sehemu hii ifanywe mchana, na watu wachache. Siku za bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, mkondo wa mlangoni una nguvu. Boti iwe na injini mbili au boti ya pili ya kusindikiza, na kila aliyemo avae jaketi la kuokolea. Shada lenyewe lifungwe kwa kamba ya usumba, bila waya, bila utepe wa nailoni. Kulitupa kutoka juu ya majabali ya Mama Ngina ni kujisumbua: upepo wa kaskazi hulirudisha mwambani.

Sanamu nayo ina mahitaji yake. Shaba iliyo karibu na bahari huliwa na chumvi iliyochanganyika na unyevu. Vikitokea vidoa vya unga wa kijani kibichi hafifu, kazi imeanza ndani na haiishi kwa kufutwa kwa kitambaa. Mtaalamu wa uhifadhi aitwe kabla mtu yeyote hajaigusa. Kinachofanywa mahali pengi duniani kwa shaba isiyo na madhara hayo ni rahisi: kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni laini, brashi ya nywele laini, kukausha kabisa, kisha nta maalumu ya kuhifadhi, safu nyembamba, mara moja kwa mwaka. Isiguswe na brashi ya waya, ndimu, tindikali wala dawa ya kung'arishia vyombo. Na tunasihi: isipakwe rangi. Rangi ya dhahabu hupendeza kwa sherehe moja, halafu hufungia unyevu ndani na kuifanya shaba ioze mahali pasipoonekana. Vivyo hivyo kwa mawe ya Mbaraki: Jik na tindikali hung'arisha leo na kumomonyoa herufi kesho. Yaachiwe watunzaji wake.

Kuhusu ruhusa, mikutano ya hadhara huarifiwa polisi si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Barua ikipelekwa mwezi mzima mapema hurudishwa, ikipelekwa siku ya mwisho hukataliwa. Ipelekwe siku kumi kabla. Bandari iarifiwe kwa sababu njia ya boti ni njia ya meli. Makavazi wakague sanamu ifikapo Novemba ili nta ipakwe Januari, kukiwa kukavu. Jeshi la Wanamaji tunaliomba mpiga tarumbeta mmoja, askari 12 na boti. Kaunti tunaiomba kufunga njia, vipaza sauti, viti 60 na maji ya kunywa. Shule zipate orodha wiki ya kwanza ya muhula wa Januari.

Orodha ya majina 150 ya kwanza, pamoja na nafasi ya kuandika matamshi, tunaweza kuikabidhi mara tu mtakapotutajia ofisi ya kuipokea na ofisa mmoja atakayeshughulika nayo hadi mwisho. Tafadhali asiwe ofisa wa sherehe pekee. Awe na uwezo wa kuitisha polisi wa barabarani, Makavazi na Mtongwe kwenye meza moja kabla ya Novemba kwisha.

Kwa heshima,

Wakazi wa Mombasa wanaoshughulikia kumbukumbu za vita